Palizi ya Jaruba la Chini

Mwezi uliopita nilikwenda Chamazi kwenye msiba wa Bi Tatu. Nilikaa na wanawake wenzangu kwenye mikeka, uani kwa Mwajuma, binti wa shemeji yake, ambaye ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Jeneza lilikuwa limeshatoka, wanaume wako makaburini, na sisi tumebaki na maneno yetu madogomadogo. Likaja sinia la wali. Mama mmoja akaonja, akauliza mchele ni wa wapi. Mwingine akasema wa Mbeya, wa tatu akabisha kwamba wa Mbeya haushikani hivi. Mwajuma akafuta macho kwa pembe ya kanga na kusema, "Marehemu asingeula huu bila kunung'unika. Yeye alizoea wa kwake, wa hapo bondeni." Msichana aliyekuwa akigawa maji akashangaa: "Bonde gani tena, shangazi? Si pamejaa nyumba kule?" Mimi bonde lile nililijua kwa magoti.

Mwaka nilipolijua bonde hilo nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa kituo, na nimepanga chumba kimoja cha uani kwa Bi Tatu na mumewe, Mzee Pazi. Uwanja wa mpira wa Chamazi ulikuwa bado haujajengwa. Ukitoka nyuma ya nyumba, ukapita mikorosho na shamba la mihogo la jirani, unashuka bondeni, na pale Mzee Pazi na mkewe walikuwa na majaruba matatu ya mpunga, mawili juu na moja kubwa chini, karibu na mfereji. Walilifyeka bonde hilo wenyewe, wakajenga matuta ya kuzuia maji kwa mikono yao. Mtoto hawakujaliwa. Mimi nimetoka Makete, kwenye baridi, viazi na ngano. Mpunga nilikuwa naujua ukishakuwa wali. Jioni nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa chumba changu wakibishana kuhusu maji, kuhusu ndege, kuhusu mistari. Bi Tatu alikuwa akimwambia mumewe kwamba hajui kuvuta kamba, mistari yake ya miche inakwenda kama mlevi, na Mzee Pazi alikuwa akijibu kwa sauti ileile ya upole kila siku, "Mpunga hausomi mistari, Tatu."

Siku ya nane baada ya kumaliza kupandikiza, Mzee Pazi alianguka bafuni asubuhi na hakuamka. Sitaeleza msiba ule; misiba yote ya Chamazi inafanana, maturubai, sufuria kubwa za kuazima, watu kulala nje. Ninachokikumbuka ni chumba alichoingia Bi Tatu kukaa eda. Kilikuwa chumba cha nyuma, chenye dirisha moja la wavu lililotazama ukuta wa choo. Kitanda cha kamba, mkeka, birika la kutawadhia, na harufu ya udi iliyogoma kutoka hata mlango ukifunguliwa. Miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya ua, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo, ambaye sikuwahi kumwona amekaa chini zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Sasa alikaa. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mahitaji kutoka nje, kwa kuwa nilikuwa sina kazi, na kwa kuwa nilimpenda, ingawa wakati ule sikujua kwamba ndilo jina lake.

Siku ya tatu, baada ya hitima, nilikuwa ukumbini naosha masinia wakati Kibwana, mdogo wake marehemu, alipokuja kusimama nje ya pazia la chumba cha eda. Alikuwa kuli wa bandarini Kurasini, mtu wa mabega, akiishi Temeke. Alizungumza na pazia kwa adabu.

"Shemeji, mambo ya shamba tuyaache kwanza. Asishuke mtu bondeni mpaka arobaini ipite. Tukishamaliza arobaini tutakaa kama familia, tutaongea."

Ikaja sauti ya Bi Tatu kutoka ndani: "Sawa, shemeji. Nimekusikia."

Kibwana alipoondoka, Bi Tatu akaniita. Nikadhani anataka maji. "Yusta, leo siku ya ngapi tangu tupandikize?" Nikahesabu kwa vidole, nikamwambia kumi na moja. Akatikisa kichwa. "Kibwana anasema arobaini. Kwa msiba ni sawa. Lakini magugu hayana msiba. Mpunga uliohamishwa unakaa wiki nzima umenyong'onyea, unatafuta pa kushika mizizi, na magugu wakati huo yanakula tu. Ukiyang'oa ukiwa na siku kumi na tano, ishirini, unauokoa. Ukingoja arobaini, utakuwa unapalilia majani." Akanitazama. "Kila mtu anajua mie sina mtoto. Wakija kukaa hiyo familia yao, wakakuta bondeni pori, watasema nini? Watasema mjane kashindwa, bora auze. Wewe si unaamka mapema? Nenda. Asikuone mtu."

Nilikwenda siku ya kumi na tano, alfajiri, nimejifunga kanga kiunoni, na suruali ya mazoezi ya chuo ndani yake. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, ya uvuguvugu kama ya kuogea mtoto. Niliinama nikang'oa kila kilichoonekana kukaa nje ya mstari, na kwa mistari ya marehemu, hicho kilikuwa kitu kingi. Jioni nikampelekea Bi Tatu fungu kubwa kwenye beseni, nikitegemea sifa. Akakaa nalo mapajani, akaanza kulipekua. "Huu mpunga," akasema, akaweka kando. "Huu mpunga. Huu nao mpunga. Na huu. Mama yangu!" Alicheka mpaka akajiziba mdomo, akikumbuka yuko eda. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Kisha akanishika kidole, akakiweka kwenye shina moja, pale jani linapoachana na shina. "Mpunga una kijiulimi cheupe hapa, na vinyweleo. Umesikia? Sasa shika hili. Hapa hamna kitu, laini tu. Hili ndilo linalojifanya mpunga. Hata mie huwa linanidanganya ukilitazama kwa juu. Usitazame, papasa." Kesho yake nikairudisha miche niliyoing'oa, na mingi ilishika.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila jioni nilikuwa nampelekea beseni, naye akilisoma. Kutoka kwenye chumba kile chenye dirisha la kutazama choo aliweza kuniambia kwamba maji ya jaruba la pili yamepungua, kwa sababu aina fulani ya nyasi imeanza kuota. Au kwamba nang'oa kwa pupa, kwa sababu mizizi imekatika na itachipua tena. "Hizi ndago umezivunja shingo tu. Ingiza vidole chini, tafuta kile kitunguu chake." Tulikuwa tunakula pamoja baada ya hapo, ugali na mchicha wa nazi, siku za bahati dagaa, na aliniuliza habari za Makete, za theluji ambayo alikuwa na hakika kwamba ipo, nami nikimwambia ni umande ulioganda tu. Nimefundisha kwa miaka thelathini, nimekaa kwenye semina nyingi za namna ya kufundisha, na bado sijaona mwalimu mwingine aliyefundisha shamba asilolitazama.

Nikayamaliza majaruba mawili ya juu ndani ya siku tano. Likabaki la chini, ambalo peke yake lilikuwa kubwa kuliko yale mawili. Siku ya ishirini, kabla sijaligusa, nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye: ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kurasini ilihitaji karani wa kupiga chapa. Nianze kesho, kwa majaribio. Nilikimbia kumwambia Bi Tatu. Alifurahi kweli, akanishika mikono, akaniombea dua. Halafu akauliza, kama mtu anayekumbuka chumvi, "Na la chini?"

"Nimelimaliza leo," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Jibu lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Nilijua nikisema ukweli, atasema niende Kurasini hata hivyo, kisha atalala macho akiliwaza jaruba. Au pengine nilijua kwamba angeniangalia kwa namna ambayo nisingeweza kwenda. Nikaongeza uongo wa pili kuutegemeza wa kwanza: nikatoka, nikashuka bondeni, nikachuma fungu la magugu yaliyobaki kwenye tuta la jaruba la kwanza, nikampelekea kwenye beseni. Aliyapekua haraka siku hiyo, kwa furaha ya kazi yangu, akasema, "Hongera mwanangu, mikono yako imekuwa ya Kizaramo."

Nilikaa Kurasini siku kumi na mbili. Nilipiga chapa fomu kwenye chumba kilichotetemeka kila lori la kontena lilipopita, nikanywa chai ya maziwa saa nne na makarani wengine, nikajiona mtu wa mjini. Siku ya kumi na tatu nikakuta msichana mwingine amekaa kwenye kiti changu, mpwa wa mtu, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza zaidi. Nilirudi Chamazi mchana ule na sikuingia nyumbani. Nilishuka moja kwa moja bondeni. Majaruba ya juu yalikuwa yametoa vichipukizi, kila shina limezaa, mashina yamegusana mabega. Lile la chini lilikuwa la kijani zaidi kuliko yote, na kwa mbali mtu angelisifu. Nikaingia, nikapapasa. Laini. Laini. Laini. Kijiulimi. Laini. Mpunga ulikuwa humo, mwembamba, wa manjano, umebanwa kama mtu aliyesimama katikati ya mabondia.

Kwa siku kadhaa nilijaribu kulimaliza peke yangu kwa siri, nikimwambia Bi Tatu kwamba nafanya palizi ya pili kule juu. Niling'oa mpaka kucha zikafunguka, na kila nilipoinua kichwa sikuona tofauti. Kisha arobaini ikafika. Watu wakaja, kisomo kikasomwa, na Kibwana akasimama tena mbele ya pazia. "Shemeji, namshukuru Mungu tumefika salama. Keshokutwa nitashuka bondeni nikatazame, halafu tukae." Nikamsikia Bi Tatu akijibu, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia humo tangu afiwe. Ilikuwa ni fahari. "Karibu sana, shemeji. Katazame."

Jioni ile wageni walipokwisha niliingia chumbani. Alikuwa anakunja kanga.

"Bi Tatu, jaruba la chini sikulipalilia."

"Lipi?"

"La chini. Siku ile niliyokwambia nimelimaliza, nilikuwa sijaligusa."

Akaendelea kukunja, akalainisha pembe. "Na magugu uliyoniletea?"

"Ya juu."

Nilitegemea atasema alijua. Vitabuni watu wazima huwa wanajua. Hakujua. Niliona uso wake ukilipokea jambo hilo pole pole, na ukibadilika. "Yusta," akasema, "mie nimefungiwa humu. Ukiniambia jua, kwangu ni jua. Ukiniambia mvua, ni mvua. Sina macho mengine. Sasa ukinidanganya wewe, nitamuuliza nani?" Akaiweka kanga kando. "Toka," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi nilimwamkia mlangoni, akaitikia "marahaba" kama anatema kitu. Hakutaka chai yangu. Nilikaa chumbani kwangu na begi langu lililokwisha kufungwa, nikiwaza niende wapi. Karibu na adhuhuri nikasikia sauti yake ikivuka ua, kavu.

"Yusta! Shina la mpunga limekuwa duara au bado bapa?"

Sikulijua hilo. Akaniambia nikachume mashina matatu kutoka jaruba la chini, yenye mizizi. Nilipoyaleta alichukua wembe, akapasua shina moja kuanzia chini, taratibu, akalifunua. Ndani, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na kitu cheupe, chepesi kama unyoya wa kifaranga, kisichozidi ukucha. "Hilo ndilo suke," akasema. Hakuniangalia. "Mpunga umeanza kutunga mimba. Jembe lisiingie tena, utakata mizizi. Ni mkono tu, na ni siku tatu, nne. Likivimba tumbo, mtu asipite tena humo." Akalifunga shina lililopasuliwa kwa vidole, kana kwamba lingeweza kurudi. "Na mikono yako miwili haitoshi. Nenda Temeke kamwambie Kibwana."

"Nimwambie nini?"

"Hayohayo uliyoniambia mie."

Njia yote ya Temeke nilitunga maneno. Nilimkuta Kibwana barazani kwake, ametoka zamu, anakula muhogo wa kuchemsha na binti yake Mwajuma, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikakataa kukaa. Nikasema yote.

Akaacha kutafuna. "Kwa hiyo nyie mlishaingia shambani kabla ya arobaini."

"Ndiyo, baba."

"Nani kakutuma?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi mwenyewe, na ingeonekana ni uungwana. Lakini nilikuwa nimechoka na kusema vitu visivyokuwepo. "Bi Tatu," nikasema.

Kibwana akaiweka sahani chini. Mwajuma alikuwa ananitazama mimi. "Yule mwanamke," Kibwana akasema, na sikujua ni hasira au nini, "hata ukimfungia kwenye sanduku, atalima." Akamwambia Mwajuma aniletee maji. "Kesho alfajiri. Mie nina likizo ya msiba imebaki siku tatu, yamekwisha."

Alikuja kabla jua halijatoka, na tulifanya kazi siku tatu, yeye ncha hii ya mstari, mimi ncha ile. Alikuwa mzito lakini mwangalifu. Mkono uliozoea magunia ulishika majani kama uzi. Siku mbili hakuniambia neno zaidi ya "sogea" na "hapo umeacha." Siku ya tatu tulikutana katikati, kwenye sehemu ambayo mistari inapinda ghafla kulia na kurudi. Akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Kaka hakujua kuvuta kamba," akasema.

"Bi Tatu alikuwa akimwambia."

"Tangu utotoni. Hata mistari ya kuchezea mchangani aliichora imepinda." Akatazama ile mistari. "Watu walidhani niliposema asishuke mtu nataka shamba. Mie shamba nilipeleke wapi, nalima kontena? Kaka ndiye aliyeipanda hii kwa mkono wake, wiki moja tu kabla hajatutoka. Nilikuwa sitaki mtu aiguse. Basi." Akainama tena, nami nikainama haraka, kwa sababu mwanamume wa umri ule anahitaji mtu asimtazame.

Mpunga ulibeba mimba, ukachanua, ukainama. Eda ikaisha majuma ya mavuno. Bi Tatu alioga, akavaa kanga mpya, akatoka uani akisimama kila hatua chache kwa sababu jua lilimuumiza macho. Tulishuka naye bondeni, Kibwana, mimi, na jamaa watano au sita wa familia waliokuja kusaidia kuvuna. Majaruba ya juu yalikuwa mazito mpaka yakalala. La chini lilikuwa na masuke mafupi, mengine matupu, na katikati ya mabua magugu yaliyotuponyoka yalikuwa yamepukutisha mbegu zake. Mtu mmoja wa familia akauliza kwa sauti, "Hapa vipi?" Nikafungua mdomo. Kibwana akawahi. "Hapo tulichelewa," akasema. "Na kwa kuwa mpo wote, nawaambia leo: bonde hili litakaa kwa shemeji mpaka atakapochoka mwenyewe. Aliyekuwa na neno, aseme nikiwa nimeshika mundu." Wakacheka, na hakuna aliyesema.

Bi Tatu hakucheka wala kushukuru. Alikuwa ameshaingia kwenye jaruba la chini, peke yake, anakata suke moja moja. Aliagiza mpunga wa juu upurwe na kugawanywa kama ilivyo desturi, wa familia, wa hitima, wa mbegu. Wa chini usichanganywe. Ulitoka gunia moja, nalo halikujaa mpaka mdomoni. Akaliweka chumbani kwake. "Huu," akaniambia, na ndiyo mara ya kwanza kwa wiki nyingi kunitazama usoni, "tutaula mie na wewe."

Basi tukaula. Ulikuwa mchele mdogo, uliovunjika, umejaa punje nyeusi za magugu ambazo pepeto halikuweza kuzitoa. Kila jioni, kabla ya kupika, nilikaa kwenye kigoda uani na ungo mapajani, nikizitoa moja baada ya nyingine, na Bi Tatu akikaa mbele yangu akikuna nazi. Wiki ya kwanza hakuzungumza. Wiki ya pili alianza kunisahihisha: "Umeruka hapo." Kisha, sijui ilianzaje, akawa anasimulia. Namna alivyokutana na Mzee Pazi kwenye harusi ya watu wengine. Namna walivyolifyeka bonde lile kuna nyoka. Mimba mbili zilizotoka, ambazo hakuwa amemwambia mtu tangu zitoke. Barua yangu ya kupangiwa kituo ilifika mwezi wa tatu wa kula gunia lile, na nikamwomba mkuu wa shule kwa simu ya posta nichelewe wiki mbili, nikisema nauguza. Ulikuwa uongo wa mwisho wa mwaka ule, na huo sijautubu.

Jioni ya mwisho, gunia lilibaki na mchele wa kutosha sufuria moja ndogo. Niliutandaza kwenye ungo. Kwa sababu nisiyoijua ulikuwa safi, hakuna punje nyeusi hata moja. Nikaendelea kupitisha vidole polepole, huku na huku, maana Bi Tatu alikuwa katikati ya hadithi, na sikutaka aone kwamba nimemaliza.